Kuwekwa kwa "Wengine" Katika Karakana Yangu Mwenyewe

Kwa Msimamizi wa Kompyuta ya Karakana ya Ushonaji (ambaye pia ni mtoto wa kaka yangu),

Mheshimiwa,

Nakuita hivyo kwa sababu cheo ulichojipa sikijui kwa jina jingine. Natumaini u mzima, na kiti chako bado kinazunguka vizuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Faili la foleni ya kazi, linaloonyesha nguo ya nani ishonwe kwanza, nalisoma bila taabu. Nikitaka kuandika humo, kompyuta inasema ruhusa imekataliwa. Karakana hii niliianzisha mimi, kwa cherehani ya kukanyaga, wewe ukitambaa sakafuni unakula chaki zangu. Leo nafukuzwa na sanduku!

2. Nilimwomba mkata vitambaa anieleze. Kumbe kila faili lina mwenyewe, ndiye wewe. Lina kikundi, ndio mafundi. Na waliobaki wote wanaitwa "wengine". Nikauliza hao wengine ni kina nani. Akainamisha kichwa, akaendelea kukata. Yaani mimi? Wengine?

3. Mpiga pasi umemtia kwenye kikundi cha mafundi. Mpiga pasi! Aliyeunguza kola za kwaya nzima anaandika, mimi nachungulia tu. Nimedharauliwa mbele ya wafanyakazi wangu, na inaniuma.

4. Naambiwa yupo pia mtumiaji mkuu, asiyezuiwa na ruhusa yoyote, naye ni wewe tena. Hongera sana. Mimi nilikubadilisha nepi bila kuomba ruhusa ya mtu.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, niandikwe mwenye mafaili yote na mkuu wa vikundi vyote, nawe uhamishiwe kwa wengine, usome tu. Ikiwezekana, hata kusoma usisome.

Wasalimie mkeo, watoto, na huyo aliyekufundisha kompyuta.

Ni mimi niliyedharauliwa,
Shangazi yako

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha ameingia baba yako na lundo la suruali, anataka zitangulie gauni la bibi harusi. Unamjua, tangu tukiwa wadogo sijawahi kumwambia hapana akasikia. Nikafungua faili mbele yake, nikabonyeza, ikakataa. Nikabonyeza tena. Akaitukana kompyuta, mimi akanipa pole! Mwanangu, usiguse kitu. Niache huko huko kwa wengine, nimepumzika. Nimemwambia mwenye ruhusa ni wewe, na yuko njiani anakuja.