Mafundi Tisa wa Injinia

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo alijipachika mwenyewe siku alipoitengeneza redio ya jirani kwa kuichomoa ukutani na kuichomeka tena, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumvua. Mdomo alikuwa nao, jamani, tusimnyime haki yake. Angeweza kukuuzia mlango wa nyumba yako mwenyewe na ukamshukuru kwa kukupunguzia bei.

Mtu mmoja tu alikuwa amechoka kununua, naye ni mke wake. Kwa miaka mitatu aliahidiwa gari. Mwaka wa nne akafunga begi, akateremka kilima hadi nyumbani kwa mama yake, kwenye geti la bluu, na kuacha neno moja: "Siku utakayokuja na gari lako mwenyewe, nitapanda turudi. Ukija na maneno, rudi nayo."

Hapo msimcheke. Miezi miwili Injinia alilala upande mmoja wa kitanda, ule mwingine akiuacha wazi. Alimtaka mkewe arudi, na alimtaka kweli.

Jumatatu moja akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa na chumba cha kompyuta nyuma ya soko na kazi ya kuandika programu. Alikwenda kuulizia hasira za nyumbani zimefika wapi. Alipoingia, akaona mezani simu, tableti na kompyuta, na zote zinaonyesha programu ya kupokea oda za fundi cherehani.

"Hizi programu tatu umeziandika lini zote, shem?"

"Tatu zipi? Ni moja hiyo." Shemeji hakuinua hata macho. "Siku hizi unaandika mara moja tu, kwa lugha zile zile za kutengenezea tovuti. Halafu unaivisha ganda la simu, unaivisha ganda la kompyuta, basi. Ndani ni ukurasa mmoja. Ukiugusa huo, kote kunabadilika."

"Na mtu wa nje anajuaje kama ni moja?"

"Atajuaje? Kwani wewe ulijua?"

Injinia akanyamaza. Wanaomfahamu wanajua kwamba Injinia akinyamaza, kuna mtu mahali fulani anatakiwa kuficha mkoba wake.

Mtu mwenyewe alikuwa Bi Pasi, dobi wa juu ya kilima. Mama huyo alijua kutoza! Shati lilikuwa na bei yake, kola yake na bei yake, na ukiwa na kifungo kinachong'aa, basi nacho kinalipiwa kwa kung'aa. Uani kwake kulikuwa na gari jeupe la kusambazia nguo, na Injinia alikuwa analipita kila siku akilimeza kwa macho.

"Bi mkubwa," alianza, amekaa kwenye kiti ambacho hakukaribishwa, "yule dobi wa ng'ambo ya barabara ana programu?"

"Hana!"

"Basi mzike. Nitakupa tatu. Ya simu, ya tableti, ya kompyuta. Nina mafundi tisa, watatu kila upande. Wa simu hawajui lugha ya wa kompyuta, na wa kompyuta hawawaelewi wa tableti. Hata chai hawanywi pamoja."

"Kwa hiyo ni kazi tatu."

"Kazi tatu, malipo matatu. Ila kwa heshima yako, sitaki fedha. Nitachukua lile gari bovubovu hapo nje."

"Bovu?" Bi Pasi akapiga kelele kwa dereva. Dereva akawasha. Injini ikanguruma vizuri hata Injinia akasahau kukunja uso. Akajikaza akasema litafaa hivyo hivyo.

"Na nikitaka mabadiliko baadaye?"

"Kila badiliko linakwenda kwa makundi yote matatu, na linalipiwa mara tatu."

Bi Pasi akamtazama kwa upendo kabisa. Hatimaye amempata mtu anayetoza kama yeye. Wakapeana mikono.

Shemeji akaambiwa hadithi nyingine. "Ni mama mmoja mnyonge, shem, anafua kwa mikono mpaka vidole vimechunika. Mfanyie thawabu." Shemeji ana moyo laini, akaifanya kwa wiki moja, tena ikawa nzuri. Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, akaweka namba yake ya simu, kama fundi yeyote mwenye kujiheshimu. Injinia hakuiona. Yeye si mtu wa kusoma hadi chini.

Siku ya maonyesho, Injinia alipanga simu, tableti na kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Ili mambo yapendeze, oda ya kwanza akaweka yeye: suti yake ya kijivu, ile moja aliyonayo, pamoja na namba yake ya simu. Kila skrini ikaandika: Suti moja, imepokelewa.

"Mashaallah," alisema Bi Pasi. "Ila hii rangi ya zambarau siipendi. Nataka kijani."

Injinia akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyebeba mafundi tisa mgongoni. Akaenda dirishani ili azungumze huku akilitazama gari lake.

"Rangi, bi mkubwa, ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wale wa simu wanaipika rangi kivyao..."

Bi Pasi alikuwa mtu wa kusoma risiti hadi chini, maana chini ndiko yeye mwenyewe huficha mambo. Akaona namba. Akaandika ujumbe kwenye simu yake: Mwenye programu ya dobi, nataka kijani.

"...wa tableti wanaagiza kutoka mbali," Injinia aliendelea, mkono unapepea dirishani, "na wa kompyuta, wale ni wabishi, lazima uwabembeleze..."

Jibu likaja: Sawa mama, nimebadilisha. Zifunge uzifungue tena.

Bi Pasi akafunga, akafungua. Simu ikawa kijani. Tableti kijani. Kompyuta kijani kibichi, kama mchicha uliooshwa sasa hivi.

"...kwa hiyo wakijitahidi sana, wiki tatu," Injinia akamaliza, akigeuka.

Akakuta meza nzima imefunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi, na Bi Pasi amelikalia pembeni, anatabasamu.

"Waache wapumzike, mwanangu. Zambarau nimeshaizoea. Gari nikuletee wapi Jumamosi?"

"Kwa mama mkwe, pale chini ya kilima, geti la bluu. Na dereva wako aniendeshe. Injinia haendeshi, huendeshwa." Ukweli ni kwamba hakujua kuendesha hata toroli.

"Chini ya kilima!" Bi Pasi akapiga makofi kwa furaha, na Injinia akadhani ni furaha ya wema. "Vizuri mno. Na suti yako utaikuta humo humo garini."

Alipoondoka tu, Bi Pasi akapiga ile namba. Wakazungumza muda mrefu, yeye na shemeji. Kisha akamwita fundi wa magari.

Jumamosi saa nne asubuhi gari lilikuwa mbele ya duka la dobi, limesuguliwa hadi unajiona meno. Injinia akaketi kiti cha mbele, kiwiko dirishani. Wapiga pasi wawili wakalisukuma kidogo kutoka nyuma.

"Wanafanya nini hao?"

"Wanakuaga, bosi," dereva akajibu, uso mkavu. "Heshima kwa wateja wakubwa."

Gari likashika kilima. Likateremka, likateremka, bila sauti hata ya nzi.

"Halina kelele kabisa!" Injinia akashangaa.

"Hili, bosi, kelele zake zimetolewa zote."

Injinia akawa anawapungia watu kushoto na kulia. Dereva akakanyaga breki mbele ya geti la bluu, akavuta handbreki, akamkabidhi funguo, akaanza kupanda kilima kwa miguu, mikono nyuma.

Geti likafunguka. Mama mkwe akatoka, shemeji akatoka, na nyuma yao mkewe, khanga begani. Akalitazama gari. Akamtazama mume.

"Ni lako kweli?"

"La kwangu, mke wangu. Ingia."

Mkewe akarudi ndani ya nyumba, akaja na begi. Akapanda kiti cha mbele, akafunga mlango, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Injinia naye macho yalimlowa. Akazunguka upande wa usukani, akatia ufunguo, akazungusha.

Kimya. Akazungusha tena. Kimya kile kile cha kilimani.

Simu ikalia mfukoni mwake. Ujumbe wa programu, maandishi ya kijani: Mteja wetu mpendwa, suti yako iko tayari. Fungua boneti.

Akashuka akafungua. Injini haikuwepo. Palipokuwa na injini palining'inia suti ya kijivu kwenye henga, mikunjo yake inakata nyanya, imebandikwa risiti tisa. Risiti ya kola. Ya mkono wa kulia. Ya mkono wa kushoto. Ya kila mfuko. Na chini kabisa ya ile ya mwisho, kwa herufi ndogo: Fundi wa kola haelewani na fundi wa mikono. Hata chai hawanywi pamoja.

"Shem," alisema shemeji taratibu, "kumbe mama mnyonge ni Bi Pasi? Ameniajiri. Naanza Jumatatu."

Mama mkwe alikuwa ameegemea geti, anacheka hadi kilemba kimeanguka. Injinia akasimama na suti yake mkononi. Alikuwa anamsubiri mkewe ashuke.

Mkewe hakushuka. Alihamia upande wa usukani, akashusha kioo.

"Nilisema uje na gari, nitapanda. Nimepanda," alisema, naye cheko limemkaba. "Nimekukumbuka, mjinga wewe. Nyumbani ni huko juu. Sukuma!"

Injinia akavua shati akasukuma. Mama mkwe alifuata na jiwe, na kila hatua kumi akaliweka nyuma ya gurudumu ili mkwe apumue. Kufika mbele ya duka la dobi ilikuwa saa nane, jua linachoma, watu wamejaa pande zote mbili za barabara, na Bi Pasi amevuta kiti chake hadi mlangoni.

"Pole na kazi, Injinia!" aliita. "Wale mafundi tisa wako wapi leo, waje wakusaidie?"