Mkanda wa Kunyoosha Watoto

Profesa, jina alilojipa mwenyewe baada ya biashara ya magodoro kumshinda, aliingia kwa fundi cherehani kupunguza suruali. Akamwona binti wa fundi sakafuni, miguu kaitupa huku na huku, mgongo umejikunja, kidole gumba kakilaza mpaka kikagusa kigasha cha mkono. Mwenye haya angeona mtoto wa viungo laini anacheza. Profesa aliona riziki.

"Dada yangu, huyu mtoto uti wa mgongo unayeyuka," alisema, kwa huzuni iliyomkaa vizuri kuliko ile suruali.

Fundi moyo ukampasuka. Profesa akamtuliza: upo mkanda wa kitaalamu, mtoto anavaa usiku na mchana mpaka ananyooka. Fundi ashone mingi tu, kwa mikanda ya viti vya magari mabovu, na Jumamosi binti auvae mbele ya wazazi wengine watakaokuja kununua. Wa binti ni bure kabisa, maana Profesa ana huruma ajabu.

Mama wa watu hakupata usingizi. Kulipokucha akamkimbiza binti hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampapasa mgongo, akamwinamisha, akamsimamisha. Mifupa imenyooka, akasema, ila viungo vimelegea kupita kawaida, kwa hiyo misuli ya tumbo na mgongo ifanyishwe mazoezi. Kumfunga mkanda kutwa kucha kungeizoesha uvivu tu. Mama akalia kwa nafuu. Machozi yalipokauka akapandwa na hasira, akarudi kwenye cherehani kushona kwa bidii isiyo ya kawaida.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Wazazi, watu wazima na akili zao, walilipa kabla hata ya kuona bidhaa, na Profesa akashindilia noti kwenye mifuko ya suruali huku akihutubia juu ya mateso ya pingili za mgongo. Ndipo fundi akasimama kwa adabu zote.

"Profesa, wenzangu wanaogopa watoto watabanwa. Vaa wewe kwanza, tukuone."

Ukumbi mzima ukaafiki. Angekataaje? Fundi akatoa mkanda wa saizi ya mtu mzima, akamzungushia kuanzia mabegani, mikono ikiwa ndani, akaacha nafasi kwenye mifuko, akaendelea hadi magotini. Vifungo hakuvitaka. Alishona mgongoni kwa uzi wa kushonea viatu, Profesa akitabasamu kwa hadhira.

Alipokata uzi, fundi akawageukia wazazi, akawaeleza yote aliyoambiwa hospitali. Wakapanga foleni. Kila mmoja akachomoa chake mfukoni mwa Profesa, wengine wakiomba radhi kwa kumtekenya. Yeye alijaribu kukimbia, akaishia kurukaruka na kuyumba.

"Binti yangu, nifungue, nitaanguka," alimnong'oneza binti wa fundi.

Binti akamtazama juu hadi chini kwa huruma ya kitaalamu.

"Kaza tumbo, mjomba," akasema. "Huo mkanda hausaidii kitu."