Baba Yake Bwana Derien

Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Vita! Jarida la parokia limefika saa nne asubuhi, na ukurasa wa pili umejaa makala ya shemeji yangu Azenor Le Scanff, mwalimu mstaafu, mwenye kiti cha mbele katika kila kikao cha Ploudour. Anadai kwamba Bwana Derien wa ngome ya Kergoz, ambaye sanamu yake ya jiwe imelala katika kikanisa chetu hapa Lanvreg zaidi ya miaka mia saba sasa, alikuwa mtoto wa msimamizi wa mashamba wa Ploudour. Ploudour! Kijiji ambacho hata mbwa wake hubweka kwa kubabaika.

Niandike wazi ili atakayesoma ajue. Hakuna anayemjua baba wa Derien. Nyaraka zinamkuta akiwa tayari mtu mzima, ana farasi, ana ngome, ana maadui. Katoka wapi? Kimya. Mimi nimesema tangu zamani kwamba baba yake ni Morvan, kabaila wa hapahapa Lanvreg, na kwamba ukoo wa Kerbrat, yaani mimi, Goulven Kerbrat, ndio uzao wake. Ushahidi? Pua. Itazame pua ya sanamu, kisha itazame yangu.

Yeun, jirani yangu mkulima wa koliflawa, amesema sanamu haina pua, ilivunjwa wakati wa Mapinduzi, mfalme alipopinduliwa. Nimemjibu kwamba hata pengo lina umbo lake.

Jambo lenyewe si mchezo. Jumamosi ya tarehe 17 anakuja mkaguzi wa makumbusho. Kijiji kitakachoonyesha kwamba Derien ni mtoto wake ndicho kitakachopewa sanamu. Na Meya Pennec amesema kikanisa kisicho na sanamu atakifunga, maana misa husomwa humo mara mbili tu kwa mwaka. Nilifunga ndoa humo. Marehemu mke wangu Maï, ambaye huyohuyo Azenor ni dada yake mkubwa, alikwenda kila Jumamosi na kitambaa kumfuta vumbi Bwana Derien, na yule mbwa wa jiwe anayelala miguuni pake. Alianza na mbwa.

Haendi mtu Ploudour. Si Derien, si mbwa.

Jumanne, 6 Oktoba

Mjini Quimper, kwa basi la saa moja. Hifadhi ya nyaraka. Mama wa mapokezi amenipokonya kalamu, akanipa penseli. Amenipokonya na mkate wangu wa siagi. Nimevumilia kwa ajili ya historia.

Mwandiko wa mababu zetu ni kama kuku aliyelewa. Lakini mimi nilipeleka barua miaka thelathini na minne, na hakuna mwandiko ulionishinda. Kufika saa sita, nimempata! *Derianus*, Derien kwa Kilatini! Kurasa tatu nzima! Nimenakili kila neno, jasho linanitoka: Derianus alivyokuwa na nguvu, Derianus alivyopelekwa Rennes, Derianus alivyougua mguu.

Jioni mama wa mapokezi ameziangalia nakala zangu. Ameniambia kwa upole kwamba amefurahi kumwona mtu anayejali wanyama. Ni farasi. Farasi wa watawa wa abasia.

Nimemwambia nilijua.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimewaza siku mbili. Hati ya kumtaja Morvan ilikuwepo, lazima ilikuwepo. Imeliwa na panya au imechomwa na jirani mwenye wivu. Sasa, mtu akiandika upya hati iliyopotea, huko ni kughushi? Hapana. Huko ni kukarabati.

Ngozi: nimeichuna kwenye kifuniko cha taa ya sebuleni. Ni ngozi ya kweli ya mbuzi, zawadi ya harusi. Nimeiloweka katika pombe ya tufaha usiku kucha, kisha tanuri la moto mdogo. Imejikunja kama samaki wa kukaanga. Nyumba inanuka zizi. Nimeipiga pasi.

Nimeandika kwa unyoya wa bata bukini wa Yeun (bata hakuridhia, mkono wangu una alama). Mwaka 1187. Mimi Morvan, kabaila wa Lanvreg, nafurahia kuzaliwa kwa mwanangu Derien, na siku hii nimewalisha watu wangu wote galeti za ngano nyeusi mpaka wakashiba. Hilo la galeti, zile chapati zetu nyembamba, limenijia lenyewe. Limeipa hati uhai.

Jumapili, 11 Oktoba

Siwezi kuandika.

Naandika.

Baada ya misa, baa ya kijiji imejaa. Nimeweka hati mezani bila kusema neno, kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Watu wamesimama juu ya viti. Meya Pennec amevua kofia! Dakika kumi nimekuwa mzao wa kabaila mbele ya watu wote, na nakiri kwamba nilianza kutembea tofauti.

Kisha Azenor. Amekuja kwa baiskeli kutoka Ploudour, sijui nani alimpigia simu. Amevaa miwani. Amesoma mpaka mwisho. Ameinusa.

"Shemeji," amesema, "huyu Morvan aliwalisha watu ngano nyeusi?"

"Mpaka wakashiba," nimejibu.

"Mwaka 1187?"

"Imeandikwa."

"Basi alikuwa nabii. Ngano nyeusi imefika nchi hii miaka mia tatu baadaye."

Nilisikia glasi ikiwekwa mezani, kisha baa nzima ikapasuka kwa kicheko. Hata Yeun! Yeun, ambaye bata wake alishiriki! Azenor hakucheka. Alikuwa anaigeuza ile ngozi upande wa pili, pale palipobaki ua dogo la kuchora.

"Hii si taa ya Maï?" akauliza taratibu. "Mimi ndiye niliyewapa."

Nimetoka kwa mlango wa jikoni.

Nasimamia neno langu. Ngano ilikuwepo. Wataalamu ndio waliochelewa kuiona.

Jumatano, 14 Oktoba

Wananiita Bwana Galeti. Leo mpeleka barua mpya ameniletea bili ya maji, na juu ya bahasha mtu kaandika hivyo kwa kalamu nyekundu. Katika utumishi wangu bahasha ilikuwa kitu kitakatifu.

Sawa. Kama siwezi kuthibitisha, naweza kuchelewesha. Mkaguzi asiyefika haamui kitu. Asubuhi nimezunguka na spana, nikageuza vibao vya njia panda zote tatu. Lanvreg sasa inaelekea baharini, na Ploudour inaelekea dampo. Kazi safi.

Saa nane daktari wa mifugo, aliyekuwa anaenda kwa ng'ombe wa Yeun, amepotea. Ndama amezaliwa bila yeye, Yeun akivuta, mimi nikishika taa na kuombwa ninyamaze. Ndama mzima. Yeun amekuwa na hasira kiasi kwamba amenipa jina jingine, ambalo shajara hii haistahili.

Nimerudisha vibao. Viwili.

Ijumaa, 16 Oktoba

Mungu wangu.

Upepo ulioje. Sitausimulia, kila mtu wa nchi hii atausimulia mpaka afe. Hakuna umeme, hakuna simu. Misonobari imelala yote upande mmoja kama nyasi zilizofyekwa. Vibao vyote vya njia panda vimeng'oka, na safari hii mimi sikuhusika.

Nimekimbilia kikanisani kukipambazuka. Paa hakuna. Nimesimama mlangoni nikaona mbingu. Vigae vimetapakaa sakafuni, mvua inamwagika juu ya benchi tulilokaa siku ya harusi, na Bwana Derien amelala palepale, maji yamejaa mikononi mwake alipoikunja kusali. Nyufa mbili kifuani. Mbwa amezama mpaka masikio.

Nilikuwa namfuta mbwa maji kwa kofia yangu niliposikia mtu anapanda juu ya miti iliyoanguka. Azenor. Miaka sitini na sita, kilomita sita kwa miguu, turubai begani, soksi zimechanika, damu kwenye goti.

"Usinitazame hivyo," amesema. "Shika upande ule."

Tumeshika. Turubai likapaa kama shati. Akasema sanamu isipotolewa leo, baridi ikiingia katika zile nyufa itapasuka vipande viwili. Nikasema nitaihifadhi kwangu. Akauliza kwangu wapi, ghala langu si limeanguka? Nilikuwa sijalitazama. Ni kweli, lilikuwa limeanguka.

"Langu limesimama," akasema.

Lake liko Ploudour!

Nikasema haiwezekani, labda wapite juu ya maiti yangu. Nikasema hii ni njama, hata upepo umeletwa. Nikasema mengi. Alingoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Goulven," akasema, na hajaniita kwa jina tangu tulipomzika Maï. "Maï angekuwa ameshamfikisha, sisi bado tunabishana."

Nikaenda kumwita Yeun na trekta.

Imetuchukua mpaka saa nane, minyororo, magogo, na wanaume wanane wa vijiji vyote viwili waliokuwa wakitukanana kwa hamasa na kuvuta pamoja. Jiwe likapanda. Na mimi, niliyekuwa nimelala chali chini kuelekeza magogo, nikaona. Upande wa chini! Herufi! Zimechongwa vibaya vibaya, lakini zinasomeka:

DERIANVS FILIVS NVLLIVS

Nilitumikia altareni utotoni, misa ikiwa ya Kilatini. *Filius* nalijua: mwana. Derien mwana wa Nullius! Miaka mia saba wanatafuta, na jina la baba liko chini ya mgongo wake!

Sikusema kitu. Nimelivika jiwe turubai mimi mwenyewe, nikalikalia njia nzima mpaka Ploudour, kwenye mvua, asije mtu akachungulia. Azenor, aliyekuwa akitembea pembeni ya trekta, amedhani nimejawa na huzuni. Amenipa leso.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mkaguzi hakuja, barabara zote zimefungwa. Lakini ghala la Azenor limejaa watu, maana ndilo pekee lenye jiko la kuni na supu. Meya wetu, meya wao, Padri Abgrall, wote. Sitapata tena hadhira kama hiyo.

Nimepanda juu ya debe. Nimesema: ndugu zangu, hakuwa Morvan. Mimi ni mtu wa haki, nakiri. Wala hakuwa msimamizi yeyote wa Ploudour. Kisha nikalivuta turubai kwenye jiwe, lililokuwa limelazwa ubavu, nikainamisha taa kwenye herufi. Bwana Derien, nikasema, anatoka katika nyumba kuu ya akina Nullius! Warumi! Wenye kiburi na pua!

Padri akaanza kukohoa. Azenor akapiga magoti sakafuni, akapitisha kidole kwenye kila herufi, mara mbili.

"Shemeji," akasema. "*Nullius* si jina."

"Ni jina la Kirumi."

"Maana yake si wa mtu yeyote. Ndivyo walivyomwandika mtoto wa nje ya ndoa, asiyetajiwa baba. Mwana wa hakuna."

Kuni zinalia.

"Fundi kaichonga chini," akaendelea, kama anayejisemea, "ambako bwana mwenyewe asingeiona. Sijui alikosana naye nini."

Nilingoja kicheko. Hakikuja mara moja, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama yeye. Miaka kumi na moja amemtafuta yule msimamizi wake. Daftari ishirini na mbili, nimeziona, zimepangwa kwenye rafu ya jikoni. Zote zimekufa kwa maneno matatu ya fundi mwenye kinyongo. Azenor alikaa juu ya mtumba wa nyasi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikashuka kwenye debe, nikadhani analia, nikamrudishia leso yake.

Alikuwa anacheka. Azenor! Amecheka mpaka miwani ikamtoka. Mara ya mwisho kumwona hivyo, Maï alikuwa hai.

Alipotulia akaomba karatasi, akawaandikia makumbusho palepale na kutusomea. Kwamba utafiti wake ulikosea. Kwamba baba hajulikani wala hatajulikana. Kwamba mtu asiye na baba hana kijiji kingine ila kile kilichokubali kumzika, nacho ni Lanvreg, na sanamu irudi huko paa likishatengenezwa. Meya Pennec amesema kikanisa hakifungwi. Wanaume wa Ploudour wamejitolea kwa vigae. Nimemjazia Azenor bakuli la supu, bila shaka alikuwa na njaa.

Kwa ukarimu nimekubali kushindwa kwake.

Jumanne, 20 Oktoba

Umeme umerudi. Akili pia.

Nimelala na jambo hili siku tatu, na sasa ninashangaa kwamba hakuna mwingine aliyeliona. Mtoto asiye na baba. Amepitiwa na tufani, paa limeruka, yeye hakusogea. Mahasimu wa miaka mingi wamepatana mbele yake, wamekula supu bakuli moja. Hiyo inaitwa nini? Nchi hii imejaa watakatifu ambao Roma haijawahi kuwasikia. Mmoja zaidi hatabana nafasi.

Mtakatifu Derien! Sikukuu, maandamano, bendera mbele, na nyuma ya bendera mtu wa kwanza, mgunduzi wake.

Nimempelekea Padri Abgrall wazo hili. Ameniuliza kama nimelala vizuri. Azenor amesema, kwa sauti aliyokuwa akiwatumia wanafunzi, kwamba Derien alichoma vijiji vinne na nyumba ya watawa. Nimesema watakatifu wengi walianza hivyo.

Kinachokosekana ni muujiza mmoja wa kuponya, ulioshuhudiwa. Nimefungua daftari jipya. Nimekwenda kwa Yeun, tukanywa, nikamweleza kwamba Jumapili ijayo ataingia kanisani akichechemea, ataigusa picha ya sanamu, na atatoka akitembea kama askari. Yeun amefikiri muda mrefu. Ameuliza achechemee mguu upi.

Nimemwambia wowote, mradi asiubadilishe katikati ya misa.