Mtunza Harusi Asizoziona

Jumatatu, 3 Novemba

Siku njema ya kuanza jambo kubwa. Nimelala chali chini ya feni baada ya alasiri, macho nusu wazi, na mambo yote yakanijia.

Kompyuta imejaa tena. Si ajabu. Mke wangu Khairiya hurikodi video za kupamba, ule usiku wa wanawake watupu ambapo bibi harusi hutolewa aonekane, na simu za wageni hukusanywa mlangoni kwenye kapu, ya Khairiya ikiwemo, abaki na kamera yake tu. Mwanamume haoni hata kidole. Mimi ndimi mtunza faili. Nazipanga, nazihamisha, nazipa majina. Sizifungui. Miaka yote hii sijaona harusi hata moja. Naona visanduku vya kijivu tu. Heshima ya kazi!

Basi nimepata dawa: klaudi. Ghala ya mtandaoni. Ukiweka kitu kwenye folda ya kompyuta, kinapanda chenyewe huko juu, na kwenye simu ya Khairiya kinatokea. Nikafumba macho nikaziona harusi zote za Mji wa Kale zikipaa polepole juu ya mabati na nyaya za umeme, ngoma chini kwa chini, moshi wa udi ukizifuata. Nikasinzia kwa furaha.

Shemeji Saif, fundi kompyuta kule mtaa wa Buxton, ati niweke kwanza kopi pembeni, kwenye diski. Diski! Nikamwambia diski ni za watu wasio na imani. Akarudia kunywa kahawa yake. Unywaji wake una dharau.

Jumanne, 4 Novemba

Zinapanda. Mstari wa samawati unatambaa na mimi nautazama tangu chai ya asubuhi. Unatuliza moyo. Binti yangu Fairuz alitaka mtandao kwa kazi ya shule, nikamwambia asubiri harusi zipite. Akaenda kwa jirani na uso umemvimba.

Akaja Bi Rukiya wa mlango wa pili. Juzi kamwoza binti yake Lamis, na Lamis keshakwenda Maskati na mumewe. Masikini Bi Rukiya, usiku wa kupamba presha ilimpanda, akalazwa chumba cha ndani. Mwanawe akatolewa yeye hamwoni. Amebakiwa na video tu.

“Mwanangu Zakariya,” akaniambia, “nataka nimwone akitoka. Basi.”

Nikamwahidi Ijumaa, inshallah. Kazi yetu hii ni kubwa jamani.

Jumatano, 5 Novemba

Klaudi imejaa! Huko juu nako kuna kujaa! Sikujua.

Nikachunguza. Nikakuta folda mbili: “Lamis” na “Lamis tena”. Ukubwa karibu sawa. Marudio, hayo! Kufungua nihakikishe siwezi, si halali yangu. Khairiya yuko Ganjoni kwenye harusi nyingine, simu yake kapuni. Ningengoja arudi. Lakini mstari wa samawati ulikuwa umesimama, na mimi siwezi kuuona umesimama.

Nikaifuta “Lamis”. Nikalimwaga na pipa la taka la kompyuta na la klaudi, kwa usafi. Mstari ukatembea tena. Raha iliyoje.

Alhamisi, 6 Novemba

Yarabi.

Khairiya kajifungia chumbani aitazame video kabla ya kumpa Bi Rukiya. Nikangoja nje. Sikusikia ngoma. Akatoka.

“Baba Fairuz, Lamis yuko wapi?”

Nikamwambia yuko Maskati.

Hakucheka. “Lamis tena”, kumbe, ni sinia za biriani, maua, na viatu vya wageni mlangoni. Nikamtuliza, nikamwambia klaudi ipo. Tukatazama klaudi: sinia. Simu yake: sinia. Pipa la taka: kweupe.

Nikachukua tuktuk mbio hadi Buxton. Saif akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba folda zikishaungana ni moja tu, ukifuta huku kunafutika kote. Nikamwuliza kama harusi haiachi hata kivuli. Akaomba kahawa.

Jioni nikatoa wazo: Fairuz avae nguo ya harusi, ajifunike shela vizuri, turikodi upya, maana macho ya Bi Rukiya si mazuri sana. Khairiya alinitazama. Nikaliondoa wazo.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala nikajificha kwenye ngazi. Bi Rukiya alipita na leso mpya na kikuba cha asumini kifuani, kajipamba kama anayekwenda harusini hasa. Nikaona aibu, nikapanda ngazi mbili zaidi.

Mlango ukafungwa. Kimya. Halafu ngoma! Halafu vigelegele, vya kwenye video na vya Bi Rukiya mwenyewe, na kilio chake, “Mashallah, mwanangu.” Nikakaa palepale ngazini nikalia nami, kwa kitu nisichokiona.

Kumbe kila harusi, kabla sijapewa mimi chochote, Khairiya huinakili kwenye diski kwanza, nayo huwekwa na Nabiha, mke wa Saif, kwenye mkebe wa biskuti chini ya leso zake. Tangu tuanze kazi. Saif ajua. Fairuz ajua. Nikamwuliza Khairiya kwa nini aliniacha niteseke tangu jana.

“Nilitaka ukae na kosa lako siku moja,” akasema.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimetubu. Nimejifunza. Mtu mwingine kabisa.

Khairiya yuko Ganjoni. Diski ya Nabiha iko juu ya kabati, Khairiya atamrudishia jioni. Nikaona nimfanyie hisani: nikaichomeka, nikaiunga na klaudi nayo, ili vyote vifanane. Kisha nikalala chini ya feni, upepo mwanana, mstari wa samawati unatambaa, na harusi zangu zote zikipaa tena.

Mstari ukasimama. Klaudi imejaa.

Nikatazama. Lamis wawili, mmoja kwenye diski, mmoja kwenye kompyuta. Yule wa Kibokoni wawili. Kila bibi harusi wawili wawili! Na safari hii si karibu sawa, ni sawasawa kabisa, nimelinganisha bila kufungua. Nani aweke kitu kimoja mara mbili?

Nikafuta zilizo kwenye diski. Mstari ukatembea, mwepesi ajabu, na visanduku vya kijivu vikawa vinapungua kote, kwenye diski, kompyuta na klaudi, kimoja kimoja, pazuri, peupe. Nikalimwaga na pipa, kwa usafi.