Siku Bahari Ilipojaa Mjimwema

Wananchi wote wa Songea, wenye pumzi na wasio na pumzi, mnatangaziwa kwamba mji wetu umepata Mbio za Kisiwa.

Tangazo hilo lilizungushwa mitaani na gari la spika siku tatu mfululizo, na lilikuwa tangazo zuri. Ni kweli kwamba Songea haina kisiwa. Ni kweli pia kwamba kisiwa hutaka bahari, na ukitaka kuiona bahari kutoka Songea utapanda basi alfajiri na kushuka giza limeingia, miguu imevimba. Lakini Kamati ya Uratibu wa Uchangamfu ilikuwa imelifanyia kazi suala hilo. Wajumbe tisa walikwenda siku kumi na nne kwenye kisiwa kimoja cha joto, ambako kila mwaka hukimbiwa mbio ndogo, wakajifunza kwa kuangalia. Walirudi weusi kwa jua, kofia za ukindu kichwani, na Mwongozo wa kurasa arobaini. Mwenyekiti wao, Bwana Sixbert, akatamka kwamba Mwongozo utatekelezwa neno kwa neno, maana kupunguza hata neno moja ni kuwakosea adabu waliotukirimu.

Kasiana alilisikia tangazo akiwa kibarazani kwake Mfaranyaki, anashona sare. Akaacha kukanyaga cherehani. Alijua kwamba Oliva naye amelisikia.

Oliva ni binti yake wa miaka kumi na sita, mwenye miguu ya swala na kifua cha kuazima. Julai ya mwaka jana nimonia ilimlaza wodini siku tisa. Alipotoka, daktari alimwambia mama kwa Kiswahili ambacho hata aliyeishia darasa la saba anakielewa: "Mama, huyu akimbie atakavyo. Ila akishatoka jasho, asisimame kwenye baridi. Akisimama na jasho lake utamrudisha hapa, na kurudi si kama kuja."

Akimbie, asisimame. Kasiana aliyashika maneno hayo kuliko sala ya jioni. Kwa hiyo mbio zenyewe hazikumtisha. Mbio si kukimbia? Nani angefikiri kwamba kwenye mbio mtu atasimamishwa?

Ndipo ikaja fomu ya mzazi. Nawaambia akina mama mnaosoma hapa: fomu ya mtoto isome mpaka nyuma, hata kama taa ni hafifu na macho yanauma. Kasiana aliisoma mara tatu, kisha akaifunga kwenye pindo la kanga na kwenda nayo ofisini kwa Bwana Sixbert.

"Habari za kazi, mwenyekiti."

"Nzuri, mama. Fomu imejazwa?"

"Nimefika swali la tatu nikakwama. Linauliza mtoto anajua kuogelea. La nne linauliza kama anadhurika akila pweza. Mwenyekiti, mwanangu pweza hajawahi hata kukutana naye."

"Andika hapana."

"Na la kuogelea?"

"Andika hapana pia. Usalama kwanza."

"Mbio hizi zinapita wapi ambapo kuna kuogelea?"

Bwana Sixbert alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu mwenye subira na wananchi. "Mama Oliva, kule kisiwani njia ya mbio inakata mkono wa bahari. Maji yakipwa mchanga unatokeza, wakimbiaji wanavuka. Maji yakijaa wanasubiri. Hiki ndicho kipengele kilichotugusa zaidi. Hapa tumekipangia daraja la Mjimwema."

"Lile daraja la kijito?"

"Kwa sasa ni kijito."

"Julai hii maji yake hayafiki kifundo cha mguu, mwenyekiti. Sisi tunavuka na kandambili."

"Hayo ni maoni," alisema Bwana Sixbert kwa upole. "Sisi tunafuata jedwali. Kutoka saa mbili mpaka saa nne na robo, bahari inakuwa imejaa."

Kasiana alirudi nyumbani. Akamwambia Oliva asikimbie. Oliva akalia. Akamwambia akimbie. Oliva akamkumbatia, na mama akabaki anatazama ukuta juu ya bega la mtoto. Usiku kucha aliwaza neno moja tu: kusubiri.

Jumamosi ilipambazuka na ukungu mzito na baridi ya Julai, ile inayofanya kuku washuke saa tatu. Wakimbiaji sitini walipangwa Mfaranyaki. Kila mmoja alibandikwa namba ya karatasi kifuani kwa pini nne, akapakwa usoni mafuta ya kujikinga na jua. Jirani yao Kunegunda, muuza maharage mwenye kilo zake za kutosha, alikuja na kanga kiunoni na raba za mumewe.

"Shangazi, na wewe?" Oliva alimwuliza huku anacheka.

"Wamesema kuna fulana ya bure. Fulana nimeshapata, sasa naona aibu kuondoka."

Saa moja kamili filimbi ikalia. Kasiana alikuwa ameshakaa nyuma ya pikipiki ya Muhsini, dereva wa bodaboda wa kijiweni kwao.

"Mama Oliva, tunamfuata au tunamkimbiza?"

"Mfuate. Usimpite, usimwache."

"Na akisimama?"

"Asisimame!" Kasiana alimpiga kibao cha mgongo, kana kwamba Muhsini ndiye mwenyekiti.

Mambo yalikwenda kwa mpangilio wa kupendeza. Kituo cha kwanza kilipaswa kutoa maji ya dafu. Songea haina madafu, kwa hiyo kamati ilitoa visu vya kufungulia. Kila mkimbiaji alionyeshwa kisu, akatiwa alama kwenye orodha, akaendelea na kiu yake. Kituo cha pili kilikuwa cha kivuli. Mjumbe alisimama na mwavuli ndani ya ukungu, na kila aliyefika alitakiwa kupita chini yake. Aliyepita pembeni alirudishwa.

"Baba, mimi naona baridi, kivuli cha nini?" mkimbiaji mmoja alilalamika.

"Pita kijana, usiharibu takwimu."

Oliva alipita kote kama upepo. Alikuwa wa tatu, na wasichana wengine hawakuonekana hata kwa mbali. Mgongo wa fulana ulishashikana na ngozi kwa jasho. Mama yake alikuwa anahesabu mita. Baada ya daraja ni mteremko, baada ya mteremko ni uwanja, na uwanjani kuna moto wa akina mama wapika uji.

Saa mbili na dakika tano, wakimbiaji wa mbele walifika darajani wakakuta kamba.

"Simama! Maji yamejaa!" alipaza sauti mgambo Beda, ameshika kamba kwa mikono miwili. Pembeni yake alisimama Bwana Sixbert na kipaza sauti, saa mkononi, jedwali kifuani.

Chini ya daraja kijito kilikuwa kinachirizika kwa unyonge. Mwanamke mmoja alikuwa ameinama katikati yake anaosha karai.

Walisimama. Baada ya robo saa walikuwa ishirini, kisha arobaini, wamejikunyata kama vifaranga, mvuke unawatoka mabegani. Upepo ulipanda bondeni. Oliva alikunja mikono. Midomo ikaanza kumtetemeka. Kisha akakohoa, kikohozi kimoja tu, kikavu.

Kasiana hakukumbuka aliteremka vipi kwenye pikipiki.

"Beda! Fungua kamba!"

"Mama Oliva, shikamoo. Siwezi."

"Huyu mtoto ana kifua! Daktari amekataza asisimame!"

"Hata mimi nina kifua, mama. Nimeajiriwa nacho."

Wakati huohuo mzee mmoja akatokea na mbuzi, akainua kamba, akapita chini yake, mbuzi nyuma. Akafuata mwanamke wa karai, akapita naye.

"Na hao?" aliuliza Kasiana.

"Hao ni raia."

"Kwao maji hayajajaa?"

Beda alimtazama mwenyekiti. Bwana Sixbert akafungua Mwongozo, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Kipengele cha kumi na saba. Wakati wa maji kujaa, hakuna mtu yeyote aliyesajiliwa kwenye mbio atakayeruhusiwa kuvuka, bila kujali cheo." Akafunga. "Mbuzi hajasajiliwa, mama. Tukimzuia tutakuwa tunaonea."

"Kusajiliwa ndiyo nini?"

"Namba. Hiyo kifuani."

Kasiana hakuuliza tena. Yeye ni fundi wa nguo, na pini nne kwake si kazi. Alizichomoa kifuani mwa mwanawe upesi kuliko mtu anavyopiga chafya, akazibana kwa meno, akaikunja namba, akaitia kifuani mwake. "Sasa huyu ni nani?"

Beda alikuna kichwa. "Sasa ni... raia."

"Raia anapita?"

"Raia anapita."

"Oliva, kimbia!"

Wakakimbia wote wawili, mama ameshika kanga, pini mdomoni. Ng'ambo ya daraja, bila kumruhusu mtoto asimame, huku akikimbia naye ubavuni, Kasiana alimbandika namba tena. Pini moja ikamchoma Oliva. "Mama!" "Nyamaza, kimbia!" Naye akapotea mteremkoni.

Waliobaki walitazamana muda mfupi tu. Kisha darajani palisikika mlio wa karatasi kama msimu wa mtihani. Namba zikaingia mifukoni, viatuni, midomoni. Kunegunda, aliyekuwa amefika wakati huo, aliuliza kuna nini, akaambiwa, akaitia namba yake kwenye mfundo wa kanga. "Mimi tangu mwanzo nilikuwa raia," alimwambia Beda, akapita.

Bwana Sixbert aliandika kwenye daftari lake: Kipengele cha kumi na saba kimetekelezwa kikamilifu. Wakimbiaji waliovuka: hakuna.

Saa mbili na nusu lilifika gari la mgeni rasmi, Mheshimiwa Joachim, Mlezi wa Uchangamfu wa Kanda. Alishuka tayari kwa mbio, maana mpango ulikuwa avuke daraja kwa miguu akiongoza wakimbiaji, huku mtangazaji wa redio na mpiga picha wakishuhudia. Alikuwa ameshonewa fulana ya pekee isiyo na mikono. Namba moja ilikuwa imechapwa kwenye kitambaa chenyewe, mbele na nyuma, kubwa kama kibao cha njia panda.

"Wakimbiaji wako wapi?" aliuliza.

"Hawajavuka, Mheshimiwa," alisema Bwana Sixbert, na daftari lilikuwa shahidi.

Mheshimiwa alipiga hatua. Beda akainua kamba usawa wa kitambi chake.

"Wewe, unanijua mimi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Shikamoo. Namba moja. Umesajiliwa."

Mtangazaji akasogeza kinasa sauti. Mheshimiwa akakiona. Akamgeukia mwenyekiti. "Maji yamejaa?"

Bwana Sixbert alikiangalia kijito. Aliziangalia siku kumi na nne, kofia za ukindu, kurasa arobaini na saini ya Mheshimiwa kwenye dibaji. "Yamejaa sana, Mheshimiwa."

"Basi tusubiri," alisema Mheshimiwa kwenye kinasa sauti. "Uongozi ni kuonyesha mfano."

Kasiana alikuwa anarudi darajani kumfuata Muhsini na pikipiki yake. Alimwona mtu mzima amesimama mikono wazi, vinyweleo vimesimama, akamwonea huruma ya kweli, maana mama ni mama.

"Mheshimiwa, vua tu namba upite. Wenzako wote wamevua."

"Imechapwa, mama."

"Basi vua fulana."

Mpiga picha aliinua kamera, polepole. Mheshimiwa alilishika tumbo lake kwa mikono miwili na kusema kwamba kanuni ni kanuni.

"Kwenye gari je? Si ukae ndani upate joto?"

Dereva akaonyesha kioo kwa kidole. Kilikuwa na kibandiko cha mbio. "Nimeshaambiwa niliondoe eneo la mafuriko," alisema, akawasha, akarudi nyuma, akaenda zake.

Mheshimiwa alisubiri mpaka saa nne na robo. Alipofika uwanjani, wakimbiaji walikuwa wameshaota moto, wameshakunywa uji, wameshakwenda kwao. Oliva alikuwa kitandani Mfaranyaki chini ya mablanketi mawili, mama ameweka sikio mgongoni mwake, anasikiliza. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, safi, bila mkwaruzo. Redioni wakasikia Mheshimiwa akiulizwa kwa nini alichelewa.

"Bahari ilikuwa imechafuka," alisema Mheshimiwa, akapiga chafya.

Oliva alicheka mpaka mama akamkanya asije akakohoa.

Hapo mambo yangeisha, ila redio husikika mpaka juu. Siku ya tisa ilishuka barua kutoka kwa wakubwa wa wakubwa, wakieleza furaha yao kwamba kanda imepata bahari, na kuagiza ipimwe kila siku, maji yanapojaa na yanapopwa, kwa muda wa mwaka mmoja. Upimaji uongozwe na aliyeishuhudia, na asikaimishe mtu.

Kwa hiyo ukipita daraja la Mjimwema alfajiri hii ya Agosti utawakuta. Mheshimiwa Joachim amevaa buti za mpira, ameshika mti uliochorwa mistari. Bwana Sixbert yuko na daftari. Watoto wa shule wanawaamkia shikamoo wakipita. Juzi Kasiana na Oliva walipita hapo, binti akiwa kwenye mazoezi, mama nyuma ya pikipiki ya Muhsini.

"Andika yamejaa," Mheshimiwa alikuwa anasema.

"Mti haujalowa, Mheshimiwa."

"Andika yamejaa, Sixbert! Tukiandika yamekauka tutaulizwa siku ile tulisubiri nini." Kisha akainama na kukohoa, kikohozi kirefu kilichotoka kwenye buti.

Oliva akapunguza mwendo, anataka kuamkia.

"Usisimame hapo!" mama alimpigia kelele. "Mwamkie ukiwa unakimbia. Kikohozi cha wakubwa nacho kinaambukiza."