Kompyuta Yangu Inaishi London

Jumapili, 10 Machi

Haya Mdukuzi wangu, wewe unayechungulia madaftari ya watu, karibu, kaa. Ila usimwambie dada yangu Ghizlane.

Leo Moroko nzima imerudisha saa nyuma kwa ajili ya Ramadhani. Vurugu ileile ya kila mwaka. Kwenye ngazi za jengo letu watu hawasalimiani, wanaulizana tu: unasema saa mpya au saa ya zamani? Anayefurahi ni mmoja, Bibi Zhor, mama yake Baba. Saa mpya, ile iliyosogezwa mbele saa nzima miezi mingine yote, hajawahi kuikubali. Saa yake ya ukutani pale jikoni inakaa nyuma yetu mwaka mzima, na ukimgusia anasema hiyo ndiyo saa ya Mungu, hizo nyingine ni za wizara. Ikifika Ramadhani nchi yote inamrudia. Leo kanywa chai kwa madaha kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mimi nina shida kubwa kuliko wizara. Kompyuta yangu, ile aliyoniachia Mjomba alipohamia Ubelgiji, umeme ukikatika inasahau kila kitu. Inaamka inadhani ni Januari mosi, miaka mingi iliyopita. Mtandao ukiiona hivyo unaikatalia, kama mlinzi wa benki aliyeonyeshwa kitambulisho cha kuchora.

Na tarehe mosi Aprili nina mtihani!

Ni kazi ya kituo cha simu kule Rabat, wale wanaopokea malalamiko ya Wafaransa walioharibikiwa na mashine za kahawa. Mtihani unafanyiwa nyumbani, kwenye kompyuta, simu hawataki. Saa tano asubuhi lango la mtandaoni linafunguliwa. Baada ya dakika tano linafungwa, na aliye nje yuko nje. Mama ameshalitangazia jengo zima kwamba nimeajiriwa. Baba yeye hasemi. Tangu nimalize shule ananitazama kama anavyotazama kabati. Lazima niipate kazi hii.

Na Anouar wa ghorofa ya juu naye ameitwa. Anouar! Ana kompyuta mpya ya kukunja. Kanikuta kwenye ngazi, kaniuliza kwa upole kabisa: "Zouhair ndugu yangu, kwenu leo ni Machi, au bado mko Januari?"

Nitamwonyesha.


Jumatano, 13 Machi

Nimegundua! Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha koti. Kazi yake kulinda saa umeme ukizimwa. Ya kwetu imekufa tangu enzi za Mjomba.

Nikaenda kwa Si Bouazza, yaani Bwana Bouazza, wa duka la chini. Akasema hana, nirudi kesho. Kesho! Mtu amefunga, kichwa kinamgonga, anaambiwa kesho. Nikarudi nyumbani nikaanza kufikiri ni nani mwingine ana betri ya kifungo. Mizani ya Mama ya jikoni! Nikaigeuza, nikafungua kifuniko. Ndiyo yenyewe, saizi ileile. Nikachukua nzima, nikaacha maiti.

Kompyuta imekumbuka tarehe. Nimeizima, nimeiwasha, nimechomoa waya, nimechomeka. Inakumbuka! Nimecheza peke yangu chumbani.

Pigo: leo ndiyo siku Mama alikuwa anaongeza chebakia, vile vitafunio vya asali vya Ramadhani. Mizani haiwaki, akapima unga kwa jicho. Wakati wa kufuturu Baba akauma kimoja, akashika shavu. Mama kasema ni unga wa Si Bouazza, kamfuata dukani palepale na mfuko mkononi. Nilisikia kila kitu dirishani. Si Bouazza aliapa kwa mama yake.

Mimi nikafunga dirisha. Mtihani kwanza.


Jumamosi, 16 Machi

Kompyuta inakumbuka, lakini inakumbuka vibaya. Kila ikiingia mtandaoni inajiongezea saa nzima. Nimechunguza: ni ya zamani mno, haijui kabisa habari za Ramadhani. Ukiiambia tuko Casablanca inahesabu saa mpya, basi. Unairudisha, inajisogeza. Unairudisha, inajisogeza. Mkaidi huyu!

Nikaichomoa kwenye mtandao, nikairudisha saa moja nyuma kwa mkono, nikaenda kulala kidogo. Kuamka, iko nyuma kwa saa mbili! Nikapiga kelele nyumba nzima ikaja. Kumbe Ghizlane alikaa kufanya kazi ya shule, akasema moyoni, hawa hawajarudisha saa ya Ramadhani, akairudisha. Baba akapita, akajisemea vilevile, akairudisha na yeye. Kila mtu humu ndani anajiona ndiye pekee mwenye akili. Bibi akauliza kwa nini hatujamwita na yeye airudishe.

Baba kapiga marufuku mtu yeyote kuigusa zaidi yangu. Mara ya kwanza ananipa cheo.

Halafu, alasiri, wazo likanijia. Nani mwingine duniani ana saa sawa na yetu Ramadhani hii? Waingereza! Nikafungua mahali pa kuchagua mji, nikaacha Casablanca, nikaiambia: sisi tunaishi London.

Ikakubali. Haikubisha hata kidogo. Nimeirudisha mtandaoni, haijisogezi. Saa sahihi mpaka sekunde. Mtu akiniita fundi simkatazi.


Jumatano, 20 Machi

Mpango wa Anouar.

Nimempandia ghorofani nikijifanya nina huruma. Nikamwambia kwa siri kwamba kwa kuwa kazi ni ya Wafaransa, saa tano waliyoandika ni ya Paris, kwa hiyo kwetu ni saa nne. Nilitegemea aingie mapema, akute pamefungwa, achanganyikiwe, alie. Akanishukuru sana. Akanishika bega.

Leo kashuka na majibu. Amepiga simu ofisini kwao kuhakikisha! Mama mmoja kamwambia hapana, ni saa tano ya hapahapa, saa ya Ramadhani. Akamsifu kwa uangalifu wake. Akaandika jina lake pembeni. Jina lake! Anouar amekuja kunijulisha ili na mimi nisije nikakosea. Na mama yake kaniletea sahani ya chapati za asali.

Nimezila baada ya adhana, kwa hasira, zote.


Jumamosi, 30 Machi

Kila kitu tayari. Shati limepigwa pasi, ingawa hakuna atakayeniona. Vipokea sauti nimevifunga kwa utepe pale vilipovunjika. Umeme niliolalamikia wiki nzima haujakatika tangu juzi.

Kesho kompyuta haiwashwi. Nimeifunika taulo ipumzike, kama mchezaji kabla ya fainali.

Ghizlane kachungulia akauliza kama nina uhakika na London yangu. Eti mwalimu wao wa Kiingereza kasema Waingereza nao huwa wanachezea saa, na ni mwisho wa mwezi huu wa tatu. Nikamwambia Waingereza wana mambo yao na sisi tuna mtihani. Akasema haya. Akaondoka na ile sura yake.


Jumatatu, 1 Aprili

Siku nyeusi.

Niliiondolea kompyuta taulo asubuhi, nikaiwasha. Inasema saa nne na nusu. Moyo ukaruka, mbona nilidhani ni mapema? Nikatazama simu: saa tatu na nusu. Sasa nimwamini nani? Simu hii niliinunua kwa mtu aliyekuwa anatembea haraka. Kompyuta nimeifundisha mwenyewe. Nikairekebisha simu ifuate kompyuta.

Nikapita jikoni kunawa uso. Saa ya Bibi nayo inasema saa tatu na nusu. Nikacheka, nikamwambia Bibi, wewe na saa yako ya zamani. Akasema, "Mjukuu wangu, Ramadhani hii saa yangu ndiyo yenu." Nikambusu kichwani nikaenda zangu. Sikuwa na nafasi ya mambo ya dini.

Saa tano kamili kwenye kompyuta, nikabonyeza. Ukaja ukurasa mweupe wenye maneno mawili: lango limefungwa. Nikabonyeza tena. Limefungwa. Nikabonyeza kwa kidole kingine. Limefungwa! Mpaka dakika tano zikapita, zikapita kumi, nikajua basi. Nimechelewa kwa sekunde, na wamenifungia.

Nikaizima. Nikaingia chini ya blanketi. Mama alipita mlangoni akinyata, akimnong'oneza Bibi asipige sufuria, kijana yuko kwenye mtihani. Mdukuzi, hapo ndipo nilipoumia. Kwenye kunyata.

Nimelala pale karibu saa nzima, mlango ukagongwa. Anouar. Ameshuka ngazi anahema, miguu mitupu.

"Zouhair, lango limefunguliwa sasa hivi. Jina lako silioni kwenye orodha. Kaa kwenye mashine, haraka."

Nikamtazama. Tarehe mosi Aprili, siku ya wajinga, halafu mtu mwenye kompyuta mpya anakuja mpaka mlangoni kwangu kunifanyia mzaha wa Aprili juu ya kaburi langu!

Nikamwambia, "Nenda kamdanganye bibi yako."

Akasema hadanganyi. Akaapa, na amefunga. Nikasema na mimi nimefunga, ndiyo maana simpigi. Akasimama kidogo, akaangalia simu yake, akasema zimebaki dakika tatu lango lifungwe. Akapanda ngazi mbilimbili. Nikafunga mlango nikajiona shujaa.

Wakati wa kufuturu Mama akauliza mtihani ulikuwaje. Nikasema walifunga mapema, hawana adabu. Ghizlane akaweka kijiko chini. Akauliza niliingia saa ngapi. Nikasema saa tano kamili. Akauliza saa tano ya nani.

Supu ya harira inatoa moshi.

Akaeleza polepole, kama anamsomea mtoto. Jana Waingereza wamesogeza saa yao mbele, ndio kiangazi chao kinaanza. Kompyuta inajiona iko London, ikasogea nao. Mimi niligonga lango saa nne ya Moroko, halijafunguliwa bado. Na Anouar alipokuja ndipo lilipokuwa wazi.

Baba aliacha kutafuna. Bibi aliangalia saa yake ya ukutani, akaniangalia mimi, akarudi kwenye supu yake kwa heshima. Mama alimenya yai lake, akanisukumia.

Afadhali angenipiga.


Ijumaa, 5 Aprili

Anouar amepata kazi. Ngazi nzima inanukia vitumbua vya sherehe vya mama yake. Mama yangu alipanda kupongeza, amevaa jellaba yake nzuri, akasimama wima na kucheka na wenzake mpaka mwisho. Aliporudi akakaa jikoni muda mrefu bila kuwasha taa. Nilimpelekea maji baada ya adhana. Akasema, "Uombe tena, mwanangu. Watu hawakumbuki, wanasahau upesi." Lakini yeye ndiye aliyeliambia jengo zima, na jengo letu halisahau hata nani alivunja balbu ya mlangoni.

Nikapanda kwa Anouar. Nilimwomba radhi, si sana. Akacheka, akasema ningemkuta mwingine angenizaba kofi. Halafu akafanya jambo baya kabisa: akanisaidia. Alimpigia yule mama wa ofisini, akanieleza vizuri, akasema nina akili ila nina haraka. Yule mama akakubali. Nimeingizwa kwenye kundi lijalo!

Jumatatu, 28 Oktoba, saa nne asubuhi. Mama nimemwambia. Nikamwomba asimwambie mtu. Kasema sawa, akafungua dirisha.


Jumapili, 14 Aprili

Mdukuzi, kaa vizuri usikie.

Sikukuu imepita na leo nchi imerudi kwenye saa mpya. Jengo zima limeamka limevurugika. Baba kakosa basi. Si Bouazza kafungua duka wakati watu wameshanunua mkate kwingine. Bibi kagoma, saa yake haiguswi mpaka Ramadhani ijayo.

Na kompyuta yangu? Nimeondoa taulo, iko sahihi. Sikugusa kitu! London na Moroko zina saa ileile tena, mpaka sekunde. Yaani kompyuta ilisogea wiki mbili kabla ya serikali. Haikukosea, Mdukuzi. Iliwahi! Ni sisi tuliochelewa.

Nimeshinda mchana nikizunguka mlango kwa mlango. Kompyuta ya Si Bouazza sasa iko London. Ya mwalimu wa ghorofa ya pili iko London. Hata mama yake Anouar kanikubalia, mwanawe akiwa kazini. Wote wamenishukuru. Baba kaniona nikitoka kwa mwalimu, akauliza nafanya nini, nikamweleza, akatikisa kichwa kwa namna ambayo mimi naona ni ya heshima.

Ghizlane tu ndiye ana maneno. Anasema Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza watairudisha saa yao nyuma, sisi tukibaki palepale, na Jumatatu yake ndiyo mtihani wangu. Anasema niirudishe kompyuta Casablanca, ni kubonyeza mara moja tu, atanibonyezea yeye. Nikamuuliza, Oktoba na leo wapi na wapi? Na kitu kinachofanya kazi vizuri namna hii, mtu mwenye akili anakigusa?

Nimeifunika taulo. Sasa niambie wewe, Mdukuzi, kwa haki ya Mungu: wewe ungeigusa?