Ombi la Kuteremshiwa Bango, au Kutangazwa Marehemu kwa Saa Tatu

Nyumba ya bluu, nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu,
Barangay ya Lumang Bayabas,
3 Juni.

Kwa Mheshimiwa Kapiteni Eufemio Catubay,
Ofisi ya Barangay.

YAH: BANGO LA TURUBAI LENYE USO WANGU

Mheshimiwa Kapiteni,

Najua wiki hii una chanjo ya mbwa na maandalizi ya sikukuu ya somo wetu, Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na najua ofisi yako ya mtaa ina feni moja. Nitajitahidi nisikuchoshe. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, na tarehe zote nimezitoa katika daftari langu la kumbukumbu, ambalo sijaacha kuliandika tangu kidato cha pili.

Mimi ni Araceli Dumaguing, binti wa fundi redio. Ninyi nyote mnaniita Bingwa. Miaka minne iliyopita, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilishiriki shindano la kuimba la runinga liitwalo Koo la Dhahabu. Tulikuwa kumi na wawili, nami nikawa wa tisa. Katika wiki ya nne niliimba ule wimbo wa mapenzi ambao kila mtu anaujua, na nilipofika kwenye sauti ya juu kabisa, pale mwishoni, koo langu likapasuka mbele ya nchi nzima. Kesho yake nilirudi nyumbani. Tangu hapo nimetunga nyimbo thelathini na moja. Hapa kwetu hakuna hata mmoja uliowahi kusikilizwa mpaka mwisho, na chanzo ni lile bango lililo langoni mwa uwanja. Naomba unisome kwa utaratibu.

1. Bango linasema uongo. Liliagizwa kabla ya wiki ya nne kwa sababu mchapaji alikuwa anafunga duka kwa ajili ya Juma Kuu, na likaandikwa HONGERA BINGWA WETU ARACELI. Uso wa Kapiteni Nestor Ilagan, aliyekutangulia, ulikuwa na ukubwa wa beseni la kufulia. Nyuso za wajumbe wa baraza zilikuwa kama sahani. Wangu ni kama kisosi, pale chini, kando ya namba ya simu ya mchapaji. Niliporudi nimeshindwa nilimwomba Kapiteni Ilagan aliteremshe. Akasema, "Turubai zima hili, mwanangu? Halijatoboka hata mahali pamoja! Subiri." Akamtuma mtu na kopo la rangi nyekundu aongeze neno NUSURA. Kwa miezi mitano nilikuwa NUSURA BINGWA, cheo ambacho ningeweza kuishi nacho. Kisha mvua zikafuta rangi, nikarudi kuwa bingwa.

2. Uliposhinda uchaguzi, uso wako ulibandikwa juu ya ule wa Kapiteni Ilagan. Sina kinyongo na uso wako, Mheshimiwa. Ni uso wa kiongozi. Lakini ni mwembamba kuliko wake, na masikio yake yametokeza pande zote mbili. Wageni wanadhani ni yako. Wangu haukuguswa: bado nina miaka kumi na tisa na kishungi. Tarehe 11 Machi nilikwenda zahanati, muuguzi mpya akachungulia bango kupitia dirisha, akanigeukia, akauliza, "Wewe ni dada yake?" Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akasema, "Pole, jamani."

3. Nimeitwa kuimba mara sitini na tatu. Harusi kumi na nne, mazishi ishirini na mawili, ubatizo, ufunguzi wa ligi, na uzinduzi wa choo cha shule ya msingi, ambapo nilisimama mlangoni. Kila mara wimbo ni ule ule, na ukweli, Mheshimiwa, ni kwamba hawautaki wimbo wenyewe, wanataka mpasuko. Tarehe 14 Mei mwaka jana, katika mazishi ya Mzee Temyong, mjane wake Mama Sela alinishika mkono kando ya jeneza akaninong'oneza, "Binti yangu, pale panapopasuka usiparuke. Marehemu alikuwa akipapenda sana pale. Alikuwa akicheka mpaka anakohoa." Nilipasua. Mama Sela akalia vizuri sana.

Baada ya hapo nilijifungia miezi minne na chai ya tangawizi nikafanya mazoezi ya ile sauti ya juu. Tarehe 6 Septemba, kwenye ufunguzi wa ligi, niliifikia, safi, bila mkwaruzo. Mwamuzi akashusha filimbi akaniuliza, "Vipi, Bingwa, leo unaumwa?" Mama Luding muuza samaki, jirani yangu wa ukuta mmoja wa mbao nyembamba, akapaza sauti kutoka jukwaani: "Maringo hayo! Runingani kawapasulia watu asiowajua, sisi tuliomwogesha utotoni anatubania!" Watu wakaanza kupiga makofi ya kudai. Ilibidi nirudie sehemu ya mwisho. Tangu siku hiyo napasua kwa makusudi. Ni kazi ngumu kuliko kutopasua, na hakuna mwalimu wa kukufundisha.

4. Kuhusu mashine ya karaoke. Tarehe 2 Februari ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mama Luding. Niliimba, mashine ikanipa alama sabini na moja. Akaja mwenye siku yake, magamba ya samaki bado yako mikononi, akaimba akiwa anatafuna tambi, ikampa tisini na nane na tarumbeta. Hilo nimelisamehe, kwa sababu mashine haina masikio. Nisilolisamehe ni hili. Siku hiyo hiyo nilisimama nikasema sasa nitaimba wimbo niliotunga mwenyewe. Ni wimbo wa kumi na saba katika daftari langu, ambao huufanyia mazoezi usiku chumbani kwangu, unaitwa "Wali Unaungua". Unamhusu mwanamke anayeinjika wali kila jioni, kisha simu ya mwanawe aliye baharia mbali inaita, naye lazima akimbilie barabarani panapopatikana mtandao, na nyuma yake wali unaungua. Sikumtaja mtu jina. Kabla sijafungua kinywa, Mama Luding akafungua kitabu cha nyimbo za mashine, ambamo kila wimbo una namba yake ya kubonyeza.

"Namba ngapi?"

Nikasema hauna namba, ni wangu.

"Wimbo gani hauna namba, Bingwa? Hata ule wa watoto wa kunawa mikono una namba."

Mumewe akasema, "Mwachie mtoto aimbe." Akajibiwa, "Aimbe nini? Kitabu kina nyimbo elfu sita, kama ungekuwa wimbo wangeshauweka." Nikapewa mikrofoni na ule mwingine. Nikapasua. Wiki iliyofuata niliandika wimbo wangu kwa kalamu katika ukurasa wa mwisho wa kile kitabu, namba 6001, kwa mwandiko wa kuiga chapa. Wakaibonyeza. Mashine ikafikiri, ikazima, na taa za nyumba nne zikazimika nayo. Mpaka leo umeme ukikatika watu husema, "Bingwa ametunga tena."

5. Chanzo cha yote hayo ni bango. Mtu akiwa ameandikwa bingwa wa jambo moja, hana ruhusa ya kufanya la pili. Nilijaribu kuliondoa kwa mikono yangu. Tarehe 19 Aprili, saa nne asubuhi, nilipanda ngazi na kisu. Sikuwa nimekata hata kamba moja kabla Mama Luding hajafika chini ya ngazi na kisu chake, ambacho ni kikubwa kuliko changu. Nusu ya chini ya bango huwa ameivuta mbele ikafunika meza yake ya samaki. "Bingwa, mwanangu, shuka. Ukinitolea kivuli, hawa bangusi watakuwa wameoza saa tano. Unataka watu waharishe kwa ajili ya aibu yako?" Nikashuka. Kwa hiyo nakiri kwamba uso wangu una manufaa kwa jamii, lakini kwa samaki tu.

Kutokana na hayo, Mheshimiwa, naomba mojawapo ya yafuatayo, kwa mpangilio huu:

(a) Bango literemshwe, na Mama Luding apewe mwavuli.

(b) Kama (a) haiwezekani, ukatwe uso wangu peke yake. Tundu litakalobaki ni dogo, haliwezi kupitisha jua la kuozesha samaki zaidi ya mmoja.

(c) Kama (b) haiwezekani, ofisi yako inipe cheti. Ofisi hii hutoa cheti cha ukaazi, cha umaskini, cha tabia njema, na mwezi wa nne ilimpa jogoo wa mjumbe Abundio cheti cha afya. Naomba Cheti cha Kushindwa, chenye muhuri, kieleze kwamba mwenye kukibeba alikuwa wa tisa, ni raia wa kawaida, na ana haki ya kuimba wimbo usio na namba. Nitatembea nacho mfukoni na kukionyesha nikiambiwa nipasue.

(d) Kama (c) nayo haiwezekani kwa sababu hakuna fomu yake, basi naomba nitangazwe marehemu.

Nimelifikiria hili kwa makini, tafadhali usilicheke. Katika barangay hii hakuna anayemkatalia marehemu wimbo. Mzee Temyong alitaka mpasuko, akapewa. Mzee Isko alitaka lile tangazo la sabuni ya kufulia la zamani za redio, na kwaya ya kanisa ikaliimba kwa sauti nne, paroko akiwa amesimama. Kwa hiyo nikifa, familia yangu itaulizwa Araceli alipenda wimbo gani, na mama yangu, ambaye nimeshamwelekeza, atasema "Wali Unaungua". Hakuna atakayethubutu kuuliza namba. Wataketi, watavua kofia, watausikiliza mpaka mwisho. Kwa kuwa hakuna mwingine anayeujua, itabidi niuimbe mwenyewe, na hapo ndipo ninapoomba msaada wa ofisi.

Naomba kifo changu kiwe Jumamosi tarehe 22 Juni, saa nane mchana hadi saa kumi na moja, ili kisigongane na sikukuu. Sihitaji jeneza, kiti kitatosha. Maombi ya siku tisa yanaweza kufupishwa kuwa dakika tisa. Saa kumi na moja na dakika moja nitakuwa hai tena na nitasaidia kuosha vyombo. Ikiwa sheria inadai marehemu asiimbe, niko tayari kuimba nikiwa nimefumba macho.

Sitaki sifa, Mheshimiwa, wala bango jipya. Nataka mara moja tu, kabla sijazeeka nikiwa bingwa, watu walionilea wasikie kitu nilichokiona mimi mwenyewe, kupitia ukuta wa mbao, kila jioni kwa miaka mitatu. Kwenye ratiba ya sikukuu nimeona nimewekwa namba saba: "Bingwa na ule wimbo". Naomba nijibiwe kabla ratiba haijachapwa.

Nakushukuru kwa uvumilivu wako. Nisalimie mkeo, katibu, wajumbe wote wa baraza, na jogoo wa mjumbe Abundio, ambaye nasikia cheti chake kimemsaidia. Ukionana na Kapiteni Ilagan mwambie masikio yake hayajambo.

Wako mtiifu katika barangay na nje yake,

Araceli Dumaguing
(wa tisa)

Tanbihi: Mheshimiwa, barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nikawa naileta ofisini leo tarehe 4, saa tatu asubuhi, nikapita chini ya bango. Mama Luding alikuwa anapara samaki, amenipa mgongo, anaimba. Nilisimama nyuma ya kreti za soda mpaka akafika kiitikio. Ulikuwa "Wali Unaungua".

Nikamwuliza huo ni wimbo gani. Akasema, "Huu? Huujui, Bingwa? Huu wa zamani. Mama yangu alikuwa akiuimba akifua." Mwenye duka la mchele ng'ambo ya njia akadakia, "Wa zamani sana huo, hata bibi yangu." Nikauliza ni namba ngapi. Mama Luding akanishangaa. "Wimbo kama huu unahitaji namba ya nini?"

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko ya kwanza hadi ya tano, na maombi (a) hadi (d), hasa (d), kwa sababu mama yangu ameshawaambia shangazi zangu na wameanza kusafiri. Bango libaki. Kamba ya kushoto imelegea na jua linaingia kwenye meza, naomba mtu aje aivute. Namba saba nitaimba ule wimbo na nitapasua. Namba nane muwekeeni Mama Luding na huo wa zamani, na mahali pa mtunzi pasiandikwe kitu.

Kuna jambo moja. Mwanawe Dodong ana mwaka wa tatu melini. Katika ubeti wa pili mimi nilitunga kwamba mwana harudi mwaka huu. Yeye, akiwa na kisu mkononi na magamba mpaka kwenye kiwiko, aliimba kwamba mwana yuko njiani. Sikumrekebisha. Nimerudi nyumbani nikarekebisha daftari.